Primus yetu ya Mulago

Wiki hii ni zamu yetu sisi wa Mulago, na tumeamua kuandika juu ya bia. Wasiokunywa msikimbie, mbele kuna sehemu yenu.

Wengi wetu tumetoka Bukavu na Uvira. Kwetu Primus si pombe tu. Ile chupa kubwa ya sentilita 72 ndiyo inayowekwa mezani siku ya mahari, na kreti zake huhesabiwa pamoja na mbuzi. Kampuni ya Bralima ilianza mwaka 1923 kule Kinshasa, wakati ule Léopoldville, na Primus ya kwanza ikatoka 1926. Yaani babu zetu waliikuta. Lakini hapa mtaani kwetu hatujaiona. Mwenzetu alipopeleka posa, wazee wa upande wa binti wakauliza: "Na Primus iko wapi?" Basi tukasema, tujaribu kuitengeneza.

Tulijua haitakuwa sawa kabisa. Primus ni laga: huchachuka kwenye ubaridi, kisha hulala kwa muda kwenye matangi baridi zaidi. Sisi tuna chumba kimoja cha bati na sigiri. Pombe ikichachuka kwenye joto la Kampala inakuwa jamii nyingine, ile Waingereza wanaita ale. Tulichoweza kufuata ni wepesi wake, maana Primus hutengenezwa na mchele pia, na ule uchungu mdogo unaobaki kwenye ulimi.

Shayiri hatukupata, tukanunua mtama soko la Kalerwe. Msicheke. Hapa Uganda Eagle Lager inatengenezwa kwa mtama tangu 2002, na Nigeria ilipokataza kimea cha shayiri kutoka nje mwaka 1988, viwanda vyake vikageukia mtama na mahindi.

Mwalimu wetu ni maman mmoja wa Walungu, aliyesomesha watoto wake kwa kasiksi, pombe ya ndizi. Alitufundisha hivi. Loweka mtama siku moja. Utandaze juu ya gunia, ufunike, unyunyizie maji asubuhi na jioni mpaka uote, kama siku tatu. Uanike ukauke kabisa, kisha usugue ile mizizi na machipukizi yatoke, uyapepete na kuyatupa, maana yana sumu. Kinachobaki ndicho kimea, twanga. Pika uji wa mchele, uuache upoe mpaka karibu nyuzi 65, ndipo utie kimea. Hapo utaona ajabu: ule uji mzito unakuwa maji, na baada ya saa moja una utamu bila sukari. Chuja, chemsha tena saa nzima. Kwa uchungu tulitia majani machache ya mululuza, yale maman anayaita mubirizi. Ikapoa, tukatia hamira, tukafunika jerikani bila kukaza kifuniko ili gesi itoke.

Baada ya siku tano tukaijaza kwenye chupa za plastiki za soda, na sukari kidogo kila chupa. Plastiki ni nzuri, ukibonyeza na imekuwa ngumu unajua gesi imetosha.

Siku ya mahari mzee mmoja akaonja, akanyamaza, sisi roho juu. Kisha akasema: "Hii si Primus." Akasogeza glasi. "Lakini ongeza."

Habari ikasambaa. Mwenye baa mmoja akaja: atachukua jerikani tatu kila wiki, pesa mkononi. Hiyo ni kodi ya nyumba, na sisi wa mjini hatupewi posho ya chakula kama baadhi ya wenzetu wa kambini. Tulibishana jioni mbili. Shida haikuwa leseni tu. Kati yetu kuna ndugu aliyekuwa anaamka na waragi ili asiwaze. Ana miezi minne hajagusa, na chumba tunachopikia ndicho anacholala. Yeye mwenyewe alisema: "Uzeni, mimi nitahama." Dada mmoja akamjibu: "Uhamie wapi?" Hakuna aliyepata la kusema.

Tukamkatalia mwenye baa. Bia tutapika kwa sherehe tu, nyumbani kwa maman. Ila kimea tumebaki nacho. Wenyeji wa Kigezi hukitumia kwa bushera, uji wa mtama unaonywewa hata na watoto. Sasa tunaamka alfajiri kuuza bushera karibu na steji ya boda, kikombe shilingi 1,000. Wenzetu Waislamu na walokole, ambao kwenye bia walikaa pembeni, ndio wauzaji hodari. Na anayegeuza mtama kila asubuhi ni yule ndugu yetu. Pesa ni ndogo kuliko ya baa, tusidanganyane, na mwezi uliopita kodi ilichelewa.

Neno kwa vijana: msijaribu kutonesha pombe kali. Sheria ya Enguli ya 1965 ilikataza bila leseni, na pombe kali ya kienyeji imeshapofusha na kuua watu.

Neno kwa wafanyakazi wa mashirika: mnatuletea mafunzo ya saluni na ushonaji, asanteni. Lakini kabla ya kuandika mradi mwingine, kaeni kwanza na mama zetu muwaulize wanajua nini. Yule maman ana miaka kadhaa Kampala, na anasema sisi ndio wa kwanza kumuuliza.