Kangema na mahindi ya manjano

Barabara itokayo mjini Murang'a hupanda miinuko ya Nyandarua hadi Kangema, na kila upandapo mazao hubadilika: mahindi na maharage, kisha kahawa, na juu kabisa chai. Kila bonde lina mto. Sisi wa pwani, tukifika huku, hudhani nchi hii haijui kiu.

Lakini wazee hawajausahau mwaka wa 1984. Masika yalikosa kunyesha, mashamba yakakauka, na serikali ikaagiza nafaka kutoka ng'ambo, yakiwamo mahindi ya manjano. Watu waliozoea mahindi meupe waliula unga ule shingo upande. Wengi wangali wakiutaja mwaka ule kwa rangi yake.

Jambo lililonishughulisha zaidi ni hili: majani ya chai hayaliwi. Mashamba ni madogo, na mahindi yakishindwa, mkulima naye huingia dukani kununua unga, akashindana na mama wa Mombasa asongaye sima ya watoto wake. Mvua zilipokatika tena misimu mitano mfululizo, kuanzia mwishoni mwa 2020, dua zetu ziliwataja ndugu wa Garissa na Tana River, na walistahili. Wa Kangema hatukuwakumbuka.

Nilishuka bondeni kuutazama mto Mathioya. Maji yake huingia Tana, na Tana humwagika baharini karibu na Kipini, kwetu. Siku ile mawe ya chini yalionekana yote.