Daftari la Maziko

Mwezi wa Agosti 2002 nilikuwa karani wa sensa. Wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Dar es Salaam, na walimu wengi tulichukuliwa kwa kazi hiyo. Nilipewa mkoba, madodoso, kalamu na ramani ya eneo langu, kisha mjumbe wa nyumba kumi akanitangulia. Nilidhani kuhesabu watu ni kazi nyepesi. Kila mtu ana kichwa kimoja, ukikiona, unakiandika.

Ramani ndiyo iliyoanza kunisuta. Palipochorwa uwanja mtupu palikuwa pamejaa vyumba. Nyumba zetu za Kiswahili unazijua, msomaji: mlango mmoja wa mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani vyumba vingine vilivyoongezwa mwaka hadi mwaka. Kila chumba kina mpangaji wake na chungu chake, yaani kila chumba ni kaya. Ukimwuliza mwenye nyumba idadi ya watu, atakutajia anaowakumbuka.

Katika nyumba moja nilitajiwa watu 11. Jioni, jirani yao, bibi aliyekuwa mweka hazina wa chama cha kuzikana, akaniuliza nimepata wangapi. Nilipomjibu, alicheka.

"Mwalimu, nyumba ile ina watu kumi na saba. Siku wakifiwa utawaona."

Akaenda ndani akarudi na daftari la shule, limefungwa kwa kitambaa. Humo ndimo mtaa mzima ulimokuwa. Mtu asiyeandikwa humo hachangiwi sanda, kwa hiyo hakuna aliyetaka kusahauliwa. Mimi nilikwenda na barua ya serikali, watu wakanipunguzia. Yeye alikwenda na habari ya kifo, wakamtajia hata mtoto mchanga.

Kesho yake tulirudi pamoja katika nyumba ile, kuwatafuta wale sita. Wawili walikuwa wamekwisha hamia Mbagala, ila hawakuacha kulipa ada, ndiyo maana hawakufutwa. Mmoja hakulala pale usiku wa sensa. Kwa kanuni ya sensa, mtu huhesabiwa alikolala usiku ule, naye alilala kwingine. Wakabaki watatu: msichana wa kazi, ambaye hakuna aliyemwona kuwa mtu wa nyumba, kichanga ambaye mama yake hakutaka atajwe kabla ya arobaini, na mvulana asiyeweza kutembea, aliyekuwa akikaa chumba cha uani. Basi hesabu ya kweli ilikuwa 14. Mimi nilikosea, na daftari nalo lilikosea. Tulipata ukweli kwa kuyaweka makosa yetu mawili pamoja.

Nikamwomba bibi aniazime daftari nilipitie usiku. Akakataa.

"Hawa wamenipa majina yao kwa ajili ya maiti zao, mwalimu. Wewe ukiondoka nalo, kesho atalitaka nani? Siku wakija kutuvunjia, si wataanza na orodha hii?"

Nilimweleza kwamba sheria inaficha siri za sensa. Akasema sheria ni ya kwangu, lakini siri ni ya kwake. Alikubali jambo moja tu: kukaa barazani na kunisomea idadi ya kila nyumba, bila majina. Palipotofautiana, nilirudi kuuliza. Lakini siku za kazi zilikwisha, madodoso yakakusanywa, na nyumba tisa sikuwahi kuzirudia. Ziliingia katika hesabu ya taifa kama nilivyoziandika mara ya kwanza, nami nikatia saini yangu kwamba kazi imekamilika.

Nimezikumbuka nyumba zile mara nyingi. Nilizikumbuka niliposoma habari za Kibera, Nairobi. Kwa miaka mingi ilitajwa kuwa ina watu milioni moja, na wengine walizidisha. Sensa ya Kenya ya 2009 ikatoa watu 170,070. Mwaka uleule vijana wa hapo hapo walianza kuichora Kibera yao, kichochoro kwa kichochoro, kwa vipimo vya setilaiti. Jambo lile lilinifunza kwamba umma nao huweza kutia chumvi, hasa penye msaada. Idadi ikikuzwa, kisima hujengwa mahali pasipofaa. Ikipunguzwa, hakijengwi kabisa.

Nako Kenya, Muungano wa Wanavijiji wamezoea kujihesabu wenyewe, na hesabu kama hizo zilisaidia Mukuru kutangazwa eneo maalumu la mipango mwaka 2017. Hapa kwetu, tangu 2015, wanafunzi wa vyuo pamoja na wakazi wamechora mitaa ya Dar es Salaam katika mradi wa Ramani Huria, kwa sababu ya mafuriko. Na sensa ya 2022 makarani walishika vishikwambi badala ya makaratasi. Tukawa watu 61,741,120. Nilihesabiwa nikiwa nimeketi barazani, nikamtajia karani hata mgeni aliyelala kwangu usiku ule.

Kishikwambi ni chombo kizuri, lakini hakijui uani kuna nani. Anayejua ni jirani, naye hatasema mpaka ajue neno lake litapelekwa wapi. Serikali ikitaka kunufaika na madaftari ya mitaani, na ianze kwa kujibu swali la yule bibi: kesho atalitaka nani? Mimi sikuwa na jibu.

Bibi yule amekwisha tangulia mbele ya haki. Yule mvulana wa uani nilimwandika kwa mkono wangu. Mama yake alisita, kisha akamtaja jina na umri, na mwenyewe akaniuliza kama sasa naye ni Mtanzania. Nikamwambia ndiyo. Katika zile nyumba tisa sijui nani aliyekuwa uani, akingoja kuulizwa.