Sanduku la Mshumaa

Leo naomba niwape habari ya kosa langu mwenyewe. Si habari ya kujivunia, lakini nadhani yaweza kumfaa mzazi mmoja au wawili, maana watoto wa namna ya mpwa wangu wapo katika kila kijiji.

Mimi ni karani wa parokia huku Iyula. Nilisomea ualimu nikapata cheti, lakini ajira ikachelewa. Ndipo Padre akanipa meza, kalamu na madaftari ya ubatizo na ndoa. Mwaka 2014, nikiwa bado na ukali wa mwalimu mpya, niliona vipande vya mishumaa vinapungua kabatini. Nikavizia. Hata jioni moja nikamkuta mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, nyuma ya ghala la kahawa. Alikuwa na umri wa miaka 9. Watoto wapatao kumi na wawili walikuwa wamekaa mbele yake, kimya kabisa. Mimi katika mafunzo yangu yote ya kufundisha sikuwahi kupata darasa lililonyamaza vile.

Mbele yao palikuwa na sanduku la karatasi ngumu lililokatwa dirisha. Ndani yake mtoto alikuwa amepitisha utepe mrefu wa kurasa za daftari zilizogandishwa kwa ugali, ncha zake zimezungushwa juu ya vijiti viwili. Nyuma ya utepe, mshumaa. Akizungusha kijiti, picha alizozichora zilipita dirishani moja moja: gari moshi la TAZARA, mzee mwenye fimbo, fisi, kisha mzee akimkimbiza fisi. Naye mwenyewe alisema maneno ya wote, sauti ya mzee na sauti ya fisi.

Sikumwuliza neno. Nilimchapa, na sanduku nikalitia katika moto wa jikoni kwa dada. Kuchukua mishumaa isiyo yake lilikuwa kosa, na kuwasha moto karibu na ghala lilikuwa kosa kubwa zaidi. Hayo yalistahili kukemewa. Lakini sanduku lilikuwa limekosa nini? Nilijiambia kuwa ni upuuzi unaomtoa mtoto katika masomo. Tangu siku ile hakuchora tena mbele yangu.

Baadaye sana nilisoma namna sinema inavyotengenezwa, nikaona haya. Picha ya sinema haitembei hata kidogo. Ni picha nyingi zilizosimama, 24 kwa kila sekunde moja, zikipita upesi mpaka macho yetu yaone mwendo. Basi mtoto yule, kwa ugali na vijiti, alikuwa amekwisha kushika mwanzo wa kazi yenyewe. Nami chuoni nilikuwa nimeandika katika mtihani kwamba mtoto hujifunza kwa kucheza, nikapewa alama zote!

Kijana alimaliza kidato cha nne, akaenda Tunduma kwa bwana mmoja anayepiga picha za video za harusi. Mwanzo alibeba taa na nyaya tu. Kisha akafundishwa kukata na kuunganisha picha katika kompyuta. Mwaka jana, baada ya malipo ya kahawa, akarudi nyumbani na ombi: wazazi wake wampe fedha za mavuno anunue kamera, atengeneze filamu zake mwenyewe.

Shemeji akakataa kabisa. “Kahawa imewasomesha ninyi wote,” alisema. “Haitakwenda kununua mchezo.” Dada akalia. Ikabidi ndugu tukutane, nami nikaambiwa nitoe shauri, kwa kuwa ndimi niliyefika chuo. Nikaomba siku tatu.

Katika siku zile nilitafuta habari za waliotangulia. Wa kwanza ni marehemu Steven Kanumba, ambaye hata vikongwe wa kwetu wanamjua kwa sura. Hakuzaliwa Dar es Salaam, bali Shinyanga, tarehe 8 Januari 1984. Alisoma shule ya msingi huko huko, akaendelea na sekondari. Mwaka 2002 akajiunga na kikundi cha Kaole mjini Dar es Salaam, kilichoigiza michezo ya televisheni. Ndani ya kikundi alijifunza kwa kufanya kazi na wenzake. Alipofariki tarehe 7 Aprili 2012 alikuwa na miaka 28 tu, na umati mkubwa ulifurika Dar es Salaam kumzika.

Wa pili ni Amil Shivji, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1990. Huyu alisomea filamu katika Chuo Kikuu cha York, mjini Toronto, Kanada. Alianza na kazi fupi: “Shoeshine” mwaka 2013, na “Samaki Mchangani” mwaka 2014. Mwaka 2017 akatoa filamu ndefu, “T-Junction”. Mwaka 2021 ikatoka “Vuta N'Kuvute”, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi wa Zanzibar, ikaonyeshwa katika tamasha kubwa la filamu la Toronto. Hesabuni wenyewe, wasomaji: tangu ile fupi ya 2013 hata hii, ni miaka minane.

Nikaona kuwa njia zao ni mbili, kikundi na chuo, lakini zote mbili ni njia za kujifunza kwanza. Tena si lazima kuvuka bahari. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa cha serikali, kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho sasa chaitwa TaSUBa. Nikajua pia kwamba kazi hii ina sheria yake tangu mwaka 1976, na filamu ya kuonyeshwa kwa watu hukaguliwa na Bodi ya Filamu. Mchezo usio na maana haukaguliwi na serikali.

Siku ya kikao ilipofika, sikuanza na hayo. Nilisimama mbele ya wote nikamwambia kijana, “Mwanangu, kwa mishumaa ulikosa wewe. Kwa sanduku nilikosa mimi. Naomba unisamehe.”

Akainama. “Mjomba,” akasema, “nilidhani umesahau. Mimi nilitengeneza jingine. Lilikaa kwa bibi.”

Sote tukamgeukia mama yetu. Naye bila haya akacheka. “Nilimpa tochi,” akasema. “Mshumaa ungeniunguzia nyumba.”

Hapo hata shemeji alicheka, na maneno yakawa mepesi. Tukakubaliana hivi: fedha za kamera hazitatolewa; sehemu ya mavuno itawekwa kwa ajili ya karo, kijana akipata nafasi chuoni. Naye kwanza atuonyeshe kazi moja, fupi, kwa simu aliyo nayo. Sitawaficha, hakufurahi. Alitaka kamera. Alirudi Tunduma akiwa amenuna, na wiki mbili hakumpigia mama yake simu.

Lakini likizo iliyofuata alikuja na karatasi zimeandikwa vizuri. Ilikuwa hadithi ya mzee na fisi, ile ile, ambayo kumbe aliipata kwa bibi. Akatupanga sote kama watoto. Alihitaji mzee mwenye fimbo, na mwenye sura hiyo alikuwa baba yake peke yake. Shemeji alikataa siku mbili. Siku ya tatu alikuja mwenyewe, amevaa koti lake la zamani, akauliza asimame wapi.

Kazi yote ni dakika saba. Tuliitazama jamaa tu, usiku, juu ya shuka jeupe ukutani mwa ghala la kahawa, kwa mashine aliyoiazima kwa bwana wake wa Tunduma. Watu walikaa kimya, kama wale watoto. Shemeji alipojiona akimkimbiza fisi, alishika mkono wa dada yangu, hakusema kitu.

Kama kijana atapata mkate wake katika kazi hii, bado. Hata leo anabeba taa harusini, na karo inawekwa kidogo kidogo. Lakini, wazazi wenzangu, ukimkuta mwanao nyuma ya ghala na kitu alichokitengeneza, mnyang'anye mshumaa, umkemee inavyopasa. Kisha uketi chini pamoja na watoto wengine, umwambie azungushe kijiti, nawe utazame mpaka mwisho. Mimi sikutazama, na miaka kumi ilipita kabla sijajua yule mzee alimfanya nini fisi.