Marfaa Iliyotiwa Motoni

Leo sikuletei masala ya twahara wala ya mirathi. Nataka kukusimulia kosa langu mwenyewe, mimi mtu wa miaka sitini na kitu, niliyesomesha chuoni tangu ujana wangu, ili wewe na watu wa nyumbani mwako mpate kuzindukana kwalo.

Hapa kwetu Lamu tuko watu saba tunaopenda useremala. Si mafundi wa kula kwa kazi hiyo; mafundi khasa wa hapa, wachongao milango na viti, wakiziona kazi zetu hugeuza nyuso tusiwaone wakicheka. Kati yetu yuko mwalimu wa skuli, yuko muuza dawa, yuko nahodha aliyeacha bahari, na yuko sahibu yangu mmoja aliyekuwa karani bandarini mpaka akastaafu. Baada ya alasiri kila mmoja hushika randa yake barazani, na twaona raha, kwani mikono iliyoshughulika na patasi haina nafasi ya kushika mambo ya watu. Tena ni kazi yenye heshima. Nabii Zakariya (A.S.) alikuwa seremala, Nabii Nuh (A.S.) aliunda safina kwa mbao, na mimbari ya Mtume wetu, yenye daraja tatu, ilichongwa na seremala mjini Madina.

Kila mwaka, katika mwezi wa Shaaban, sisi saba hukusanya mabaki yetu tukayapeleka pwani kuwasha moto: vipande vya mbambakofi, vya mwembe na vya mwarobaini, na magunia ya maranda. Mbao zilizopakwa rangi au dawa ya mchwa hatuzitii, kwa kuwa moshi wake una sumu. Twaswali isha, twachoma mihogo na samaki, twanywa kahawa ya tangawizi. Kisha huja mchezo wetu: kila mtu hutoa kazi moja iliyomharibikia, akaeleza iliharibikaje, halafu akaitupa motoni ilhali wenziwe wanacheka.

Mwaka huo nahodha alileta kiti cha miguu mitatu ambacho, alisema, kilikuwa na minne, akakata mmoja usawa wa mingine, kisha mwengine usawa wa huo, hata alipotanabahi mguu mmoja umekwisha kabisa. Muuza dawa alileta sanduku lililofungika vizuri mno, lisilofunguka tena. Mimi nilileta kinara cha taa kilichopasuka nilipokitia keekee kwa pupa. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka, na hapana aliyeumia, kwa kuwa kila mtu alijicheka mwenyewe.

Ndipo yule sahibu yangu karani alipofungua kanga aliyoifunika kazi yake, akatoa marfaa.

Yafaa nikueleze, msomaji, kwamba marfaa ya kuwekea msahafu ni kazi ngumu kuliko ionekanavyo. Ile nzuri hutolewa katika ubao mmoja. Huupasua unene wake kwa msumeno, kutoka juu na kutoka chini, na katikati ukachonga kwa patasi meno ya kupishana. Ubao ukifunguliwa husimama wenyewe, bila ya msumari wala gundi. Lakini mstari ukikosea kidogo tu, upande mmoja huinama.

Marfaa ile iliinama. Nami, kabla ya mwenyewe kufungua kinywa, nikasema kwa sauti kubwa: "Jamani, marfaa hii imekwisha rukuu kabla ya imamu!"

Kicheko kilichotoka hapo hakijapata kutoka mwaka wowote. Nahodha alijilaza mchangani. Sahibu yangu naye alicheka, akaitazama kazi yake kitambo kidogo, kisha akaitia motoni. Ilikuwa mbambakofi kavu, ikawaka vizuri.

Tulipoondoka tuliuzima moto kwa maji ya bahari na mchanga, kisha tukapapasa majivu kwa mikono. Tulikumbuka kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku na wenyewe wamo ndani, na Mtume (S.A.W.) akaamrisha watu wazime moto kabla ya kulala. Nikarudi nyumbani nikidhani hatukuacha hata cheche moja.

Wiki ya kwanza sahibu yangu hakuonekana barazani. Wiki ya pili nikasikia kuwa amempa kijana mmoja wa mtaani randa yake, misumeno yake na patasi zake zote. Nikaenda kwake. Mkewe alinikaribisha kwa adabu, lakini hakuniuliza khabari za nyumbani kama ilivyo desturi yake, nami nikajua pana jambo.

Nilimkuta ukumbini. Nikamwuliza: "Bwana, una nini nasi?"

Akajibu: "Sina kitu, Maalim."

Nikamshikilia. Mwisho akasema, polepole: "Sikuileta kuichoma. Niliileta kuwaonyesha."

Ndugu msomaji, kumbe macho yake yote mawili yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, naye hakutaka kumwambia mtu. Mistari ya ile marfaa aliifuata kwa ncha ya kidole. Ilimchukua miezi minne. Alimtengenezea mjukuu wake, aliyeanza juzuu ya Amma, tena katika chuo changu mimi. Alikuja kutuonyesha kwamba bado aweza, nami nikamwambia mbele za watu kwamba hawezi tena.

Nikaomba msamaha hapo hapo. Akasema: "Nimekusamehe, Maalim." Lakini vyombo vyake hakuvirudisha.

Usiku ule sikulala. Katika Sura ya Hujurat Mwenyezi Mungu ametukataza tusidharauliane, kwani huenda anayechekwa ni bora kuliko anayecheka. Aya hiyo nilikuwa nimewasomesha watoto wiki ile ile ya moto wetu. Tena katika Sura ya Hud imeelezwa kwamba Nabii Nuh alipokuwa akiunda safina, wakubwa wa kaumu yake kila walipompitia walimcheka. Nikajiona nimesimama upande wa wale wapitao njiani.

Usinifahamu vibaya. Sisemi mzaha ni haramu. Mtume wetu alikuwa akitania, ila hakusema ila kweli. Mtu mmoja alimwomba mnyama wa kupanda, akaambiwa atapandishwa juu ya mtoto wa ngamia. Akashangaa, atamfanyia nini ndama? Ndipo akakumbushwa kwamba hata ngamia mkubwa kazaliwa na ngamia. Tazama mzaha huo: ni wa kweli, na yule mtu alitoka na mnyama wake. Mzaha wangu nao ulikuwa kweli, kwani marfaa iliinama. Lakini mwenyewe alitoka mikono mitupu. Wazee wetu walisema, mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Kulipokucha nikafahamu kwamba nimemvunjia mtu heshima mbele ya watano, kisha nikamtaka radhi faraghani. Deni la hadharani hulipwa hadharani. Nikawaita wenzangu wote barazani kwangu, naye nikamwomba aje, nikalikiri kosa langu kwa ulimi ule ule uliowachekesha. Hapana aliyecheka. Nahodha akainuka kimya kimya, akaenda kwa yule kijana, akamnunulia vyombo vipya na kurudi na vile vya zamani.

Tangu siku hiyo tumeweka sharti: mtu na acheke kazi yake mwenyewe, na kazi ya mwenzio usiitaje mpaka umwulize kaileta kwa nia gani. Hata nyumbani sharti hili lafaa, msomaji, kwa mwanao aliyeandika herufi zilizopinda, na kwa mkeo aliyeunguza wali.

Sahibu yangu anangoja zamu yake ya kupasuliwa macho. Kwa sasa twachonga marfaa nyengine pamoja: mimi napiga mistari kwa wino mzito, yeye ashika patasi. Nayo, kusema kweli, yainama kidogo. Safari hii niliyekosea kupima ni mimi. Ameipapasa, ameutambua upande wenyewe, na hakusema neno.

Mwenyezi Mungu atuhifadhi na shari ya ndimi zetu. Amin.