Thabai za Kando ya Mto

Mpwa wangu, mzaliwa wa mtaa wa Lucky Summer, Nairobi, aliingia ndani juzi akipuliza vidole. "Anti, haya magugu yameniuma! Tuyamwagie dawa?" Nikamwambia ni thabai. Akauliza thabai ni nini. Ni mmea wenye majani yanayochoma, nami niliujua kwa jirani yetu mmoja.

Kwenye mteremko wa kuelekea mtoni palikuwa na kibanda cha mabati cha mama mzee ambaye mtaa mzima ulimwita Shosho. Dada yangu anashikilia kwamba kilijengwa kabla ya uchaguzi wa mlolongo, ule wa kura za foleni, mimi nasema baada yake; tulipekua hata picha za ubatizo, tukachoka. Nisichobishana na mtu ni harufu: moshi wa makaa, mifupa ya ng'ombe iliyochemka usiku kucha, magome ya muthiga yanayowasha pua, mafuta ya nyonyo yakipata moto kwenye mkebe wa Kimbo.

Wateja wake walikuwa vibarua wa mjengo, akina mama wa kufua nguo, na Mama, ambaye magoti yake yalimalizwa na kupiga deki nyumba za watu. Shosho hakuwa na haraka. Kwanza miguu ndani ya karai la maji moto ya chumvi. Kisha supu yenye mzizi wa mukawa, chungu ya kukunja uso. Kisha kukandwa kwa nyonyo, polepole, huku akiuliza habari za nyumbani. Thabai zilikuja mwisho, kwa wenye moyo. Alizishika kwa kipande cha gunia akalichapa goti kama anayefukuza nzi. Mama aliuma leso. Goti lilitoka madoa mekundu, likapata joto, naye akapanda mteremko bila kushika paja. Baada ya siku chache maumivu yalirudi, na Mama naye akarudi.

Waliokuwa wakituita washamba wangesoma habari za Plymouth, Uingereza. Mwaka 2000 madaktari wa huko waliandika kuhusu wagonjwa 27 wenye maumivu ya kiungo cha kidole gumba au cha shahada, waliojichoma kwa thabai ya kwao kila siku kwa wiki moja. Walipata nafuu zaidi kuliko walipotumia jani lisilochoma. Ni watu wachache, na nafuu si kupona. Shosho mwenyewe hakuwahi kuahidi kuponya.

Mwaka 2011, majirani walipochangishana nauli kwenda Samunge, Tanzania, kunywa kikombe cha dawa cha mzee aliyeitwa Babu, Shosho alicheka hadi akakohoa. Mti wa mugariga uliotengeneza dawa hiyo ndio mukawa wake.

Baadaye alifariki, kibanda kikawa cha kuuza kadi za simu, kisha hakikuwa kitu. Siku hizi steji imejaa vipaza sauti na chupa zisizo na jina la mtengenezaji, na vidonge "vya asili" vinavyotangazwa kuondoa maumivu kwa siku tatu. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu vidonge vya Artri King, vilivyouzwa kama virutubisho: ndani vilikutwa diclofenac na dexamethasone, ambazo hazikuandikwa kwenye kibandiko. Dexamethasone hutuliza goti upesi, ndiyo, na pia hupandisha sukari na kuvimbisha uso. Hilo muuzaji wa steji halitangazi.

Wala simshauri mpwa wangu achume thabai mtoni. Utafiti wa mwaka 2007 wa UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ulipima watoto 328 wa karibu na jaa la Dandora, ng'ambo tu ya hapa. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi kupita kiasi katika damu, na udongo pia ulikuwa nayo. Jani ni lilelile, linachokunywa ndicho kilichobadilika.

Goti langu la kulia nalo limeanza. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ameniagiza niinuke na kuketi kitini bila kujishika, mara kumi, asubuhi na jioni, ili misuli ya paja ibebe mzigo wa goti. Mama alifanyishwa hayohayo kwenye kigoda, akilalamika, na Shosho hakumpakulia supu mpaka amalize.