Usiiweke Tupa Chini

Mpwa wangu,

Goti la bibi yako limepungua kuuma, na mdogo wako amepata kidato cha tano.

Ninakuandikia kwa jambo moja. Nimesikia, wala si kwa mtu mmoja, kwamba unataka kuacha mafunzo huko Stuttgart uende ghalani kupanga mizigo, kwa kuwa ghalani mshahara ni maradufu. Mama yako bado hajui, na mimi sijamwambia.

Shida yako naifahamu. Posho ya mwanafunzi wa ufundi inaishia kwenye kodi na chakula, na jamaa huku wanadhani euro unazichota kwa pishi. Lakini nchi hiyo naijua, mwanangu. Nilifika 1987 kujifunza ufundi, upande wa Mashariki, mji ukiitwa Karl-Marx-Stadt. Naondoka 1990 unaitwa Chemnitz. Utotoni nilicheza chini ya majumba ya Kikwajuni, Unguja, waliyotujengea Wajerumani hao hao, nikaenda nikidhani nimeshawajua.

Wiki za mwanzo kazi yangu ilikuwa kupiga tupa tu. Kipande kimoja cha chuma, asubuhi hadi jioni, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Meister, fundi mkuu, anakuja, anasimamisha rula ya chuma juu yake, anakiinua dirishani. Mwanga ukipenya chini ya rula, anakirudisha mezani bila neno. Usiku nikilia. Siku mwanga ulipokosa pa kupita, alisema "gut" basi, akanipa mchoro wa kazi nyingine. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba Mjerumani akikwambia kazi yako mbovu, hajakutukana wewe. Kwa hiyo kama huyo mkubwa wako wa karakana amekusema mbele ya wenzako, hiyo si sababu ya kuondoka.

Nilikuwa na mwenzangu wa Pemba, tukilala chumba kimoja. Mikono yake ilikuwa mizuri kuliko yangu, na kwenye mashine ya kukereza hakuna aliyemfikia. Novemba 9, 1989 ukuta wa Berlin ukafunguka. Januari akafunga sanduku, miezi 6 kabla ya mtihani, akaenda Hamburg kushusha mizigo bandarini. Haukupita muda akaniletea picha, amevaa koti la ngozi. Nilimwonea wivu, sikufichi. Miaka michache baadaye mgongo ukamshinda. Akazunguka karakana hadi karakana, na kila alipobisha aliulizwa swali moja tu: cheti kiko wapi? Hakuna aliyemwambia akereze hata skrubu moja waone. Barua yake ya mwisho aliniuliza kama bado ninayo madaftari yetu ya darasani. Nilikuwa nayo. Nikamtumia, lakini yangemfaa nini?

Huko, hata kufungua saluni ya nywele kwa kawaida kunataka cheti cha Meister. Vile viwanda vya ukoo unavyoviona katika miji midogo, vinavyotengeneza pampu na valvu zikauzwa dunia nzima, vinaishi kwa mafundi waliokwenda darasani na karakanani kwa pamoja, kama wewe sasa. Na mtihani wako unasimamiwa na chemba ya viwanda na biashara, kwa hiyo cheti utakwenda nacho kampuni yoyote. Ghala litakupa nini cha kubeba? Tena kibali chako cha kuishi kimetolewa kwa ajili ya mafunzo hayo.

Mimi niliporudi na cheti changu, ofisi iliyonipokea iliniweka stoo nihesabu vipuri, miaka 4. Mpaka leo jambo hilo linaniuma. Lakini kwa cheti hicho nilifungua karakana yangu, na ada ya ualimu ya mama yako ilitoka humo.

Mengine unayajua. Barua ya posta ifungue siku hiyo hiyo. Jumapili usitoboe ukuta. Mkataba wa simu usiutie saini mpaka ujue unavunjwaje. Ukiumwa, wapigie simu kazini kabla ya saa ya kazi kuanza.

Umemaliza miaka 2, umebakiwa na mmoja na nusu. Kama ni kodi, niambie unapungukiwa kiasi gani. Ndugu tutachanga, na mama yako hatajua. Lile daftari mnaloandika kazi za kila wiki, Berichtsheft, bila hilo hawatakuruhusu kufanya mtihani. Nipigie picha ukurasa wa wiki hii unitumie kabla ya Ijumaa. Nataka kuona umeandika nini.

Mjomba wako