Hadithi Iliyoandikwa Gerezani

Mtoto apewapo kitabu kipya cha hadithi, swali la kwanza aulizalo ni hili: Je, mambo haya yalitokea kweli? Akiambiwa kwamba hayakutokea, huenda akauliza la pili, lililo gumu zaidi: Basi, kama ni mambo ya kubuniwa, je, si uongo? Na Mkristo amekatazwa uongo. Swali hilo si la kuchekwa. Watu wazima waliliuliza zamani huko Uingereza, wakabishana juu ya kitabu ambacho hata leo chasomwa.

Mwenye kukiandika aliitwa John Bunyan. Alizaliwa mwaka 1628 katika kijiji cha Elstow, karibu na mji wa Bedford. Baba yake alikuwa fundi wa kutengeneza masufuria, na Bunyan naye akaishika kazi hiyo. Hakusoma sana shuleni. Alipokuwa mtu mzima alimgeukia Mungu kwa moyo wote, akaanza kuhubiri. Lakini sheria ya siku zile ilimkataza mtu kuwakusanya watu na kuwahubiria nje ya kanisa la serikali. Basi mwaka 1660 akakamatwa, akatiwa gerezani.

Wakubwa walimwambia kwamba akiahidi kuacha kuhubiri atafunguliwa. Akakataa. Wala haikuwa rahisi kukataa, maana nyumbani alikuwa na watoto wanne wadogo, na mmoja wao, binti yake Mary, alikuwa kipofu. Mwaka 1661 mkewe Elizabeth alisimama mbele ya waamuzi kumwombea mumewe, lakini hawakumwachilia. Bunyan akakaa gerezani akitengeneza kamba za viatu, ziuzwe, watoto wapate chakula. Alifunguliwa mwaka 1672, baada ya miaka 12.

Humo gerezani ndimo alimoanza kuandika hadithi ya mtu aitwaye Mkristo. Mtu huyo alikuwa na mzigo mzito mgongoni. Akatoka katika mji wake uliokuwa karibu kuangamizwa, akaenda kuutafuta Mji wa Mbinguni. Njiani alizama katika bwawa la matope, akaokolewa. Akafika penye msalaba, na mara mzigo ukafunguka, ukaanguka, asiuone tena. Baadaye yeye na mwenziwe walikamatwa na jitu liitwalo Kukata Tamaa, wakafungwa katika ngome yake na kupigwa sana. Ndipo Mkristo akakumbuka kwamba kifuani mwake amechukua ufunguo uitwao Ahadi, nao ulifungua kila mlango wa ngome ile.

Bunyan alipokwisha kuandika, aliwaonyesha rafiki zake. Wengine wakamwambia kitabu kipigwe chapa; wengine wakasema sivyo, maana haifai kuyafunika mambo ya Mungu kwa hadithi ya kubuni. Akafikiri, kisha akakitoa mwaka 1678. Sababu yake aliieleza mwanzoni mwa kitabu: Maandiko Matakatifu yenyewe husema kweli kwa mifano.

Na ndivyo ilivyo. Nabii Nathani alipotumwa kwa Mfalme Daudi, alimsimulia habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake wa pekee. Daudi akamkasirikia sana yule tajiri, ndipo akaambiwa kwamba mtu huyo ni yeye mwenyewe. Kama Nathani angalimshitaki tangu mwanzo, huenda mfalme angalijitetea. Mwongo huificha kweli ili apate faida. Msimulizi mwema huifunika kidogo ili msikiaji aifunue mwenyewe na kuikubali.

Hata hivyo, haimpasi mtoto kusoma bila kupima. Mwanzoni mwa hadithi, Mkristo awaacha mkewe na watoto wake, akiziba masikio asisikie wakimwita. Msomaji akishangaa hapo, ashangae, kisha afikiri. Maana yake si kwamba baba awakimbie watoto wake, bali kwamba mtu asiruhusu neno lo lote limzuie kumwendea Mungu. Bunyan mwenyewe, ingawa alifungwa, hakuacha kuwafanyia watoto wake kazi kwa mikono yake. Tena mwaka 1684 alitoa sehemu ya pili, ambamo mke wa Mkristo na wanawe wanne washika njia ile ile, na mama huyo afika.

Kitabu hicho kimefasiriwa kwa lugha zaidi ya 200, na kwa Kiswahili huitwa Safari ya Msafiri. Lakini vitabu vya hadithi ni vingi, na kila mwaka vyaongezeka. Mtoto akipewa kilicho kipya, asikitupe kwa kuwa mambo yake hayakutokea, wala asikiamini kwa kuwa maneno yake ni matamu. Na apime hivi: Je, uovu huitwa uovu humo, au hupambwa? Mnyonge huhurumiwa, au huchekwa? Na kitabu kikisha kufungwa, je, msomaji aijua zaidi kweli iliyo moyoni mwake mwenyewe, kama Daudi alivyoijua yake? Hadithi ifanyayo hivyo si uongo, na asomaye atakuwa amepata ufunguo wa kuchukua njiani.